Harambee ya mlingoti: redio ipo, kimo ndicho hakipo

Kwa wavuvi, kina mama wauza samaki na wote wenye jamaa majini, hapa Kisumu na kwingineko,

Redio ya kituo chetu cha kusikiliza mashua, ya VHF (masafa ya redio za majini) na ya wati 25, imeshanunuliwa; itasikiliza chaneli 16, ile ya miito ya dharura. Kilichobaki ni mlingoti na kebo, na hapo ndipo tunapoomba mkono wenu.

Mawimbi ya VHF hayafuati mviringo wa dunia. Huenda moja kwa moja, kwa hiyo antena ikiwa juu zaidi, husikia mbali zaidi. Antena iliyofungwa kwenye paa la banda, mita 4 juu ya maji, humsikia mvuvi mwenye redio ya mkononi hadi kilomita 13 hivi. Ikipanda hadi mita 16 juu ya maji, itamsikia hadi kilomita 21. Wengine wamependekeza tununue redio yenye nguvu zaidi. Haitafaa. Kituo kitasikika mbali, lakini mvuvi wa omena ana wati 5 tu, na upepo ukichafuka usiku katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, anayepaswa kusikika ni yeye. Simu nayo humfikia mtu mmoja. Mwito wa chaneli 16 husikiwa na kila mashua iliyo karibu yenye redio iliyowashwa.

Tunahitaji mabomba 3 ya mabati ya mita 6, yatakayochomekwa moja ndani ya jingine. Nyaya 6 za kuukaza mlingoti pande tatu, na skrubu zake za kukazia. Mifuko 8 ya simenti. Na mita 25 za kebo nene ya RG-213. Tafadhali msituletee ile nyembamba ya RG-58 kwa kuwa ni rahisi. Kwa urefu huo hula theluthi mbili ya nguvu: zinaingia wati 25, zinafika juu 8. Viungo vyote vitafungwa utepe wa mpira, maana maji yakishaingia kwenye kebo, waya wa ndani hugeuka kijani na redio huzidi kuwa kiziwi wiki baada ya wiki, bila mtu kujua kwa nini.

Halafu kuna radi. Kuchomoa antena kila mawingu yanapotanda ni kukizima kituo saa ileile kinapohitajika. Ndiyo maana tunaomba pia kikinga radi kimoja na fimbo 3 za shaba za kuzika ardhini.

Betri ya 100Ah (ampea-saa 100) na paneli ya sola tayari zipo. Kusikiliza tu hula nusu ampea, hivyo siku tatu za mawingu hazitatuzima.

Bei za madukani zimebandikwa kwenye ubao wa banda. Ukitoa mita moja ya kebo, umetoa. Michango ipokewe na mweka hazina pekee, kwa risiti. Wenye majembe waje Jumamosi saa moja asubuhi: shimo la mlingoti na mashimo matatu ya nyaya yachimbwe kabla jua halijawa kali.