Mama, hizo saa sitaziongeza

Winnipeg, Februari 2025

Mama yangu, shikamoo. Shikamoo na kwa bibi.

Simu ya Jumapili ilikatika tukiwa hatujaelewana, nami sikulala. Mwambie dada akusomee barua hii polepole, na kaka akiwepo asikilize.

Kaka amesema nimekuwa mchoyo. Kazi ipo, bosi yuko tayari kunilipa mkononi, kwa nini nisichukue zamu mbili za ziada ili injini ya mtumbwi ipatikane? Mama, sikwepi kuchoka. Tangu Novemba 2024, mwanafunzi wa kigeni hapa Kanada anaruhusiwa kufanya kazi nje ya chuo saa 24 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea. Zote nazimaliza ghalani, nikipakia maboksi. Likizo ya chuo ndipo naweza kufanya kutwa nzima.

Unakumbuka kokoro la baba mdogo, wavu ule uliokatazwa? Msimu ule alivua kuliko wenzake wote, mpaka soko la samaki la Mwaloni wakawa wanamwita tajiri. Doria ilipokuja, nyavu zilichomwa moto palepale ufukweni, nasi tumesimama tunatazama. Na mimi nikizidisha saa nitapoteza hadhi ya uanafunzi, na kibali cha baadaye naweza kunyimwa. Kulipwa mkononi hakubadilishi kitu.

Tena hizo saa za ghalani hazinisogezi kwenye ukaazi wa kudumu. Njia ninayoitegemea inataka angalau mwaka mmoja wa kazi ya ujuzi nchini humu, na kazi ya wakati wa masomo ya kutwa haihesabiwi. Hivyo Aprili nikimaliza, nitaomba kibali cha kazi cha wahitimu kabla cha masomo hakijaisha, ili niruhusiwe kufanya kazi huku nasubiri jibu. Mwenye shahada ya uzamili anaweza kupewa miaka 3, lakini mtu hukipata mara moja tu maishani. Nikikiharibu, basi. Na kwenye maombi ya ukaazi umri nao una alama zake, zinaanza kupungua mtu akifika 30. Mimi nina 28, mama. Ndiyo maana nakuwa mkali kwenye simu, unisamehe.

Sasa ninalowaomba. Kibali hicho cha kazi hakipewi muda unaozidi uhai wa pasipoti, na yangu inaisha mwakani, lazima niombe mpya. Dada anifuatilie RITA, wanakotoa vyeti, nakala ya cheti cha kuzaliwa, kile cha zamani kililowa kwenye begi. Awaambie nilizaliwa Nansio, na jina la baba liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, herufi kwa herufi. Herufi moja tu ikikosewa tutaanza upya.

Desemba sikuja na najua bibi aliniuliza. Mwambie nimesikia.

Wiki iliyopita wenzangu walinipeleka Ziwa Winnipeg. Limeganda, magari yanapita juu, watu wametoboa barafu wanavua kwa ndoano. Mzee mmoja alitoa samaki mwenye macho ya kung'aa kama ya sangara, nikabaki namkodolea mpaka akanipa nimshike. Ungemgeuza ukatazama mashavu, ukamwambia bei yake hapohapo.

Ijumaa natuma laki tatu. Kaka atangulize kwa fundi, zilizobaki nitamalizia Juni.

Ni mimi mwanao.