Rehema, kabla hujaendelea na orodha ya wanachama

Kwako Rehema,

Salamu nyingi. Huku Iringa sote wazima, baridi tu ndiyo imekaza. Ujumbe wako, kwamba unaandika orodha ya wanachama wa SACCOS yenu kwenye Excel, programu ya majedwali na hesabu, na namba za simu zimepoteza sifuri ya mbele, nimeusoma, nikaona heri nikuandikie kwa kirefu, maana hatari yake ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Namba za simu zilizopoteza sifuri ya mbele zisikunyime usingizi. Kila mtu anajua 754 ilikuwa 0754, unairudisha tu. Ninachokihofia ni safu ya namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa. Namba hiyo ina tarakimu 20, na Excel ikishaidhania ni ya hesabu, inatunza tarakimu 15 za mwanzo tu, zilizobaki inazifanya sifuri. Kwenye kisanduku unaona kitu kama 1.98501E+19. Ukiifanya ionekane yote, utakuta tarakimu 20 kamili, ila tano za mwisho ni sifuri kwa kila mwanachama. Na kwa kuwa nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mtu akikagua harakaharaka ataona mambo ni sawa. Zilizopotea hazirudi, hata ubadilishe mpangilio vipi. Itabidi kila mwanachama alete tena kitambulisho. Zilizoandikwa pamoja na vistari vyake zimepona, maana programu haizioni kuwa namba.

Mwenyekiti asikwambie kwamba ni uzembe wako. Haya yamewakuta hata wanasayansi wa jeni, zile chembe za urithi mwilini. Kulikuwa na jeni zinazoitwa SEPT2 na MARCH1, na ukiziandika tu zinageuka kuwa tarehe 2 Septemba na tarehe 1 Machi. Onyo lilichapishwa tangu 2004. Mwaka 2016 watafiti wa Melbourne walipopitia makala za kisayansi zilizoambatanishwa na orodha za jeni za Excel, walikuta karibu moja katika kila tano ina kosa la namna hiyo. Mwisho wake, mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza majina mapya: SEPTIN2, MARCHF1. Mimi hilo linanikera mpaka leo. Jina la kitu kilichomo mwilini mwa mtu libadilishwe ili programu ya hesabu isikosee! Kitufe cha kuizuia kilikuja 2023.

Kwa hiyo fanya hivi. Kama Excel yenu ni mpya, fungua File, kisha Options, kisha Data. Humo kuna sehemu ya Automatic Data Conversion. Ondoa tiki zote. Lakini usiitegemee hiyo peke yake, kwa sababu inalinda kompyuta yako tu, na mhasibu wenu ana yake. Kinga ya kweli ni kuchagua safu nzima ya simu na ya NIDA ikiwa bado tupu, ukaibadilisha kutoka General kuwa Text, ndipo uanze kuandika. Ukishaandika umechelewa. Kwa kisanduku kimoja kimoja, tanguliza ritifaa, ile tunayoiandika kwenye ng'ombe. Haitaonekana wala kuchapishwa. Pembeni kitatokea kipembe cha kijani kikikushauri uigeuze iwe namba. Kiache kama kilivyo.

Ile orodha uliyotumiwa kama faili la CSV, yaani la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, usiifungue kwa kulibofya mara mbili. Ndani yake namba bado ni kamili; zinaharibika linapofunguliwa hivyo, na ukihifadhi baada ya hapo ndiyo basi. Fungua kwanza Excel tupu, nenda Data, From Text/CSV, bonyeza Transform Data, na kabla ya kulipakia iambie kwamba safu hizo mbili ni maandishi.

Kukagua ni rahisi. Kwenye safu ya pembeni andika =LEN(C2), inayohesabu tarakimu na alama zilizomo kwenye kisanduku, ukiweka safu yako badala ya C, kisha uiburute hadi chini. Kwa NIDA isiyo na vistari jibu liwe 20, kwa simu 10. Halafu tazama mwisho wa namba zenyewe: zikifuatana zinazoishia na sifuri tano, hizo si za kweli.

Nitumie nakala ya lile faili la CSV kama ulivyolipokea, ila lifunge kwa nywila, maana hizo ni taarifa za watu. Tutalilinganisha na uliyokwisha kuandika, tujue ni wanachama gani wa kuitwa. Nisalimie mama na watoto.

Rafiki yako,
Neema