Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani: mimi nilidumbukia kwenye ile asilimia 20

Mheshimiwa Diwani,

Shikamoo. Kwa umri wewe ni mdogo wangu, lakini cheo ni cheo, naomba uipokee. Natumaini barua hii inakukuta mzima na miguu yako yote miwili iko sawa. Wangu wa kulia uko juu ya kigoda, umefungwa hogo kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, na watoto wa jirani wameshaugeuza ubao: mmoja kachora gari, mwingine kaandika Simba, ndugu yake kaja akafuta akaandika Yanga.

Sikupenda kukuandikia mbele za watu. Mwaka jana, 2023, nilifika ofisini kwako mara tatu. Mara ya kwanza uko kikaoni. Mara ya pili uko Dodoma kwenye semina. Mara ya tatu nikapewa daftari la wageni niandike shida yangu, nikaandika neno moja: mtaro. Daftari lile lina safu ya mwisho inayosema "hatua iliyochukuliwa". Nilirudi nyuma kurasa kadhaa kwa udadisi tu. Safu yote nyeupe, kama shuka la hoteli.

Halafu wiki ya Krismasi ukatuletea taarifa ya maendeleo kwenye kundi la WhatsApp la kata. Niliisoma mara mbili. Ulinzi na usalama: hali ni shwari. Usafiri: mazungumzo na wadau yanaendelea. Barabara ya bondeni, mtaro na kalavati: kazi imekamilika kwa asilimia 80. Chini yake picha yako, kofia ngumu kichwani, fulana ya kung'aa, umenyoosha kidole mbali. Aliyepiga picha ile ni fundi, nakubali. Alikusimamisha upande wa juu, pale vifuniko vya zege vilipokwisha kuwekwa. Hatua kumi nyuma ya kisigino chako ndipo vinapoishia.

Mimi, Mheshimiwa, nilidumbukia kwenye ile asilimia 20.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya kwanza ya Januari, siku nne kabla ya shule kufunguliwa. Mimi ni fundi cherehani, na kwa fundi wa sare Januari ndiyo masika yetu: usipopanda hapo, mwaka mzima unakopa chumvi. Nilikuwa natoka Kariakoo na jora la bluu na nusu jora la kaki ndani ya salfeti. Mwendokasi nimepandia Gerezani, nimesimama mpaka Kimara Mwisho na kwapa la mtu puani, lakini hilo silileti kwako, najua haliko mikononi mwako. Kimara nikadandia daladala, nikashuka kituoni kwetu saa tatu kasoro usiku. Mchana bodaboda wanakuleta hadi mlangoni kwa buku. Giza likiingia wanakushusha huko juu kwenye lami, umalizie mwenyewe. Siwalaumu. Mwenzao mmoja aliingiza pikipiki mtaroni mwezi Novemba, akaja kuivuta kwa kamba kesho yake maji yalipopungua.

Umeme haukuwepo, ilikuwa zamu yetu ya mgao. Na najua utasema ni mgao. Taa ya pale kwenye kalavati ni ya sola, Mheshimiwa, haina habari na mgao. Uliizindua mwenyewe, ukakata utepe, tukapiga vigelegele. Iliwaka miezi minne. Siku hizi kisanduku cha betri kiko wazi, chiriku wamejenga ndani. Wao angalau wamepata nyumba ya serikali.

Hizi mvua za El Niño zilikuwa zimeyainua maji mpaka yamelingana na njia, maji meusi, hujui kifuniko kiko wapi na shimo liko wapi. Sisi wa bondeni tunavuka kwa kuhesabu. Kutoka kwenye nguzo unapiga hatua tisa, kisha unakata kushoto kukanyaga ubao aliouweka mama muuza mkaa. Nilihesabu tisa. Ubao haukuwepo, maji yalishauchukua mchana. Niliposhuka nilisikia kifundo cha mguu kikilia "ka", sauti ileile ya sindano inapovunjikia kwenye mkunjo wa jinzi.

Nikapiga kelele. Wakaja vijana wawili. Mmoja akanishika mkono, mwenzake akashika salfeti. Mkono nilirudishiwa.

Nilipewa RB, ile namba ya taarifa ya tukio, kituo cha polisi, ninayo. Mguu ulipigwa eksirei, nikaambiwa mfupa una ufa na kano zimechanika, nikafungwa. Hospitali, bajaji za kwenda na kurudi na dawa vimekula zaidi ya laki mbili, na kile kitambaa nilikuwa nimekichukua kwa mali kauli. Mwenye duka ananipigia kila asubuhi. Anaanza na pole, anamalizia na tarehe.

Sasa nikueleze kitu ambacho pengine huko barazani hakijulikani. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nina oda za kaptura na sketi za marinda ambazo wazazi walishatanguliza nusu ya pesa, na mguu unaokanyaga ni huo wa kulia. Nimejaribu wa kushoto. Gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika, marinda yanakuja yamepishana kama meno ya mzee. Binti ninayemfundisha kazi ana mashine ya mota, lakini huo mgao tulioutaja unamkuta katikati ya mshono. Wiki ya pili ya Januari watoto wanne wa mtaa wetu waliingia darasa la kwanza na nguo za nyumbani kwa sababu sare zao zilikwenda na kijana nisiyemjua sura. Mzazi mmoja amenitukana mbele ya wateja. Sikumjibu. Angekuwa na haki zaidi kama angeshuka mtaroni akatukana hapo, lakini ndiyo hivyo, mimi ndiye niliyeshika pesa yake.

Turudi kwenye "hali ni shwari". Mwaka 2022, panya road, wale vijana waporaji wa mapanga, walipotutia kiwewe jijini, ulikuja bondeni na msafara, ukasema tuunde ulinzi shirikishi, kila kaya ichangie 2,000 kwa mwezi. Hukuwa na makosa, tulilala macho siku zile. Nimelipa mwezi hadi mwezi, stakabadhi ninazo kwenye kopo la vifungo. Walinzi tuliwaona kama miezi mitano, na filimbi zao. Baadaye wakabaki wawili, baadaye mmoja, na huyo mmoja analinda upande wa juu kwenye mageti. Michango haijapungua hata senti. Naomba unijibu kwa upole tu: usiku ule wa Alhamisi, 2,000 yangu ilikuwa imekaa wapi?

Kila tukiuliza habari ya barabara tunaambiwa barabara si za diwani, ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Sawa. Tunajua, tangu 2017 ndivyo ilivyopangwa, na sisi hatujasema uje na greda lako. Lakini mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata ni nani kama si wewe? Kwenye Baraza la Madiwani anayetusemea ni nani? Na tukiachana na vyeo, tuzungumze pesa. Mdogo wangu ni bodaboda, yeye ndiye aliyenikumbusha: Julai 2021 Serikali iliongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli, tukaambiwa ni kwa ajili ya barabara hizihizi za mitaani na vijijini. Hatukuandamana, tulilipa. Yeye anatia lita tatu kwa siku. Piga hesabu ya miaka miwili na nusu, kisha uniambie kijana mmoja tu wa pikipiki amekwisha kununua vifuniko vingapi vya mtaro.

Wala sisemi hakuna kinachofanyika nchi hii. Nina macho. Pale Ubungo magari yanapishana ngazi tatu tangu Daraja la Kijazi lifunguliwe 2021. Kutoka Kimara kwenda Kibaha barabara ya Morogoro imetanuliwa njia nane, kilometa 19.2. Wageni wangu kutoka Morogoro wanaingia jijini wanashangaa, wananipigia simu kunipongeza kama vile nimejenga mimi. Wakishuka kituoni wakaanza kuteremka bondeni, pongezi zinaisha zenyewe, wanaanza kuvua viatu.

Mwanangu yuko kidato cha nne, anasoma Uraia. Juzi kanisomea Katiba, Ibara ya 18, kwamba kila mtu ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Nikamwambia arudie. Wakati wote. Mimi nilidhani taarifa ni hisani yako, unaitoa Krismasi pamoja na salamu za heri. Basi kama ni haki yangu, mimi naitaka iliyo kamili. Usiniambie asilimia 80, niambie vifuniko kumi na kimoja vimewekwa, vinne bado. Usiniambie "mchakato", wala "upembuzi", wala "tusubiri awamu ya pili ya DMDP", ule mradi wa kuboresha miundombinu ya jiji. Tumeshasubiri mpaka neno awamu limekuwa jina la utani: shimo lenyewe watoto wanaliita Awamu ya Pili. "Mama fulani katumbukia Awamu ya Pili." Ndivyo habari yangu ilivyofika sokoni.

Kwa nini vinne vilibaki, sijui. Mtaani yanasemwa mengi. Wapo wanaosema mkandarasi hakumaliziwa malipo akaondoka na mbao zake. Wapo wanaosema vifuniko vilikamilika vyote kumi na tano, ila vinne vikaota miguu usiku vikaenda kuwa daraja la geti la mtu. Mimi sina ushahidi na simtaji mtu. Naona tu kwamba sisi tulio chini huwa tunabaki mwisho wa kila hesabu, labda kwa sababu maji yanateremka kwetu na magari ya viongozi hayateremki. Ungekuwa unapita hapa usiku mara moja kwa mwezi, nina hakika kazi hii ingekuwa asilimia 100 kabla ya Ramadhani iliyopita.

Oktoba 2020, siku za kampeni, ulipita. Ulisimama juu ya gari chini ya mwembe, ukaonyesha mtaro huu kwa kidole hichohicho cha kwenye picha, ukaahidi kwamba ndani ya miezi sita mama zetu watavuka hapa bila kupandisha gauni. Nakumbuka vizuri kwa sababu akina mama waliokuwa mstari wa mbele wakikuimbia walivaa vitenge nilivyoshona mimi, kumi na viwili, na pesa ya ushonaji ya vitenge hivyo kamati yako iliniambia nitaipata baada ya uchaguzi. Haikusema uchaguzi upi.

Sasa niseme ombi langu, maana naona barua imekuwa ndefu, na mguu umeanza kuwaka moto.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na orodha. Taa, walinzi, kituo cha daladala chenye paa, barabara ichongwe na kumwagwa kifusi, daftari la michango lisomwe mkutanoni. Yote bado nayataka, usije ukasema sikuyataja. Lakini nimekaa hapa dirishani wiki mbili natazama watoto wa shule wakivuka asubuhi, wakubwa wakiwashika wadogo mikono, wanahesabu kwa sauti, moja mbili tatu mpaka tisa. Mama muuza mkaa ameweka ubao mwingine, mwembamba kuliko ule. Nimefuta orodha.

Naomba vifuniko vinne.

Nimemuuliza fundi mwashi wa mtaani kwetu akanipigia hesabu: mifuko mitatu ya saruji, nondo nne, kokoto, mchanga na ujira wake, haizidi laki mbili na nusu. Anasema akianza Jumatatu, viache vikauke siku chache, Jumamosi ya wiki ya pili watu wanapita. Nilitaka nichangishe tumalize aibu hii wenyewe. Majirani wakakataa, wakasema tukiviweka sisi, taarifa ya Pasaka itasoma asilimia 100 na picha itakuwa yako. Nimewaambia picha mpeni. Mimi sina shida na picha. Njoo upigwe upande wa chini safari hii, usimame juu ya kifuniko cha kumi na tano, nitakushikia hata hiyo kofia.

Vinne tu, Mheshimiwa. Masika ni Machi, na ikianza kabla vifuniko havijafika, mtoto wa darasa la kwanza akidumbukia pale hatatoka na hogo la mguu.

Hogo langu linafunguliwa mwishoni mwa Februari. Daktari kasema nitembee kila siku, taratibu, njia iliyonyooka. Nilicheka mpaka akashangaa.

Deni la vitenge liko palepale kwenye daftari langu, ukurasa wa mwisho. Vifuniko vikifika, uje nilikate mbele yako.

Ni mimi,
Fundi cherehani wa bondeni

Nakala: Mtendaji wa Kata, Mwenyekiti wa Mtaa, mwenye duka la vitambaa Kariakoo, aone kuwa sijakimbia.