Reli ya Mpanda haikujengewa dhahabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe jambo moja katika makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu madini ya Katavi. Habari za wachimbaji wadogo mmezieleza vizuri, ila mwishoni mkasema reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ililetwa na dhahabu. Sivyo. Kilomita zile 210 za pori la miombo, zilizofunguliwa mwaka 1950, zilijengwa hasa kwa sababu ya mgodi wa risasi. Nasema risasi ya madini, si ya bunduki. Vijana wa hapa ukiwaambia babu zao walikuwa wakichimba risasi, hucheka wakidhani unasimulia vita.

Dhahabu ndiyo iliyotangulia kuonekana, mwaka 1934, hapo hatubishani. Lakini mishipa ya madini ya Mpanda juu ni kutu tupu. Ukishuka chini ya ile kutu unakutana na jiwe la kijivu linalong'aa kama kisu kipya, ukiligonga linavunjika vipande vya pembe nne. Hiyo ndiyo galena, jiwe lenye madini ya risasi. Lita moja yake ina uzito wa kilo saba na nusu. Marehemu baba, aliyefanya kazi mgodini Mukwamba hadi ulipofungwa mwaka 1960, alikuwa na kipande chake nyumbani cha kuzuilia mlango, nasi watoto tulishindana kukinyanyua kwa mkono mmoja. Kampuni ya Uruwira, yenye mgodi huo, ilikuwa ikisaga mwamba, inatenga galena na shaba, kisha mzigo unapanda treni kuelekea pwani na kuvuka bahari, maana hapa nchini hapakuwa na tanuri la kuuyeyusha.

Na fedha, nasema ile metali, si pesa? Imejificha ndani ya hiyo galena. Huioni kwa macho, hata ukiwa mchimbaji wa miaka thelathini. Maabara huyeyusha mwamba pamoja na risasi, risasi inazoa fedha na dhahabu yote, kisha donge linawekwa kwenye kikombe cha majivu ya mifupa ndani ya moto mkali. Kikombe kinainywa risasi na kubakiza kishanga kidogo cha fedha na dhahabu. Anayekwambia "hapa kuna fedha" kwa kulamba jiwe, mwombe karatasi ya maabara kwanza.

Mwandishi wenu alishangaa kwa nini duara moja, yaani shimo la wachimbaji, linatoa na la jirani halitoi. Miamba ya huku kwetu, iitwayo ya Ubende, ina umri wa miaka bilioni mbili hivi, na ilikandamizwa na kuburuzwa kwa mistari inayotoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Baadaye maji ya moto yenye chumvi, yakiwa yamebeba metali, yalipanda kupitia nyufa hizo. Yalipopoa yakaacha mawe meupe ya kwatzi, galena na shaba. Ufa haufunguki sawasawa mahali pote, kwa hiyo mshipa unanenepa hapa, unakonda pale, kisha unakatwa na ufa mwingine na kuhamia pembeni. Hakuna uchawi, na kafara haisaidii.

Kilichonifanya nishike kalamu, hata hivyo, ni hiki. Watafiti wa mishipa ya namna hii wana hila yao: zinki huifuata mtoni, kwa kuwa huyeyuka na kusafiri na maji, lakini risasi huitafuta kwenye udongo uleule ulio juu ya mwamba, maana ikishatua haibanduki. Tabia hiyo inamfaa mtafiti. Kwa anayeishi hapo ni balaa. Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994 (mwamba wake ni wa aina nyingine, lakini risasi ni ileile), na hadi leo watoto waliozaliwa baada ya kufungwa wanakutwa na risasi katika damu. Mtoto anacheza mavumbini, anatia kidole mdomoni, basi. Inamharibu ubongo polepole, wala haumwi siku hiyo.

Sisemi Mpanda ni Kabwe. Nasema tukiandika kwamba hapa palikuwa pa dhahabu tu, hakuna atakayefikiria kupima risasi katika udongo kabla ya kugawa viwanja karibu na machimbo ya kale, wala kumuuliza mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, marudio yake (mabaki ya mwamba uliokwisha kusagwa) kayatoa wapi. Kipimo cha udongo si ghali kama kuchoronga mwamba. Mkirudi kwenye habari hii, waulizeni wataalamu wa jiolojia wa Dodoma ramani za mashimo ya zamani, mzichapishe gazetini kwa Kiswahili.

Kile kipande cha baba bado ninacho. Siku hizi kiko ndani ya kopo lenye kifuniko, juu ya kabati, wajukuu wasikifikie.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Mpanda