Saa sita mchana gari lako huwa wapi?

Mteja anayetaka kuchaji gari la umeme kwa sola mara nyingi huanza na betri ya nyumbani. "Niwekeeni kubwa kabisa, gari lichaji usiku nikiwa nimelala." Kabla ya kumpa bei, tunamuuliza kwanza saa sita mchana gari huwa wapi. Jibu lake ndilo linaloamua ukubwa wa kazi, na si mara moja limempunguzia mtu gharama kabla fundi hajapanda ngazi.

Tupige hesabu. Gari la kawaida la umeme hula uniti 15 hadi 20 kwa kilomita 100. Mtu anayetembea kilomita 40 kwa siku anatumia uniti 7 hivi. Ongeza kinachopotea wakati wa kuchaji, ziwe 8. Paneli moja ya wati 450, mahali panapopata jua kali kwa muda wa saa tano kila siku, hutoa karibu uniti 1.8 ukishaondoa hasara za joto, vumbi na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani. Basi paneli tano zinaibeba safari hiyo ya kila siku. Wengi hawaamini, kwa sababu walikuwa wakipigia hesabu kujaza betri nzima ya gari, uniti 50 au 60, kila siku. Mbona la petroli hawakuwa wakilijaza tangi kila jioni?

Sasa hiyo betri ya nyumbani. Tuseme ni ya uniti 10. Ukiimimina kwenye gari usiku, gari linapata kilomita hamsini hivi, na nyumba inabaki gizani na friji imezima. Umeme uliopita betrini nao haurudi wote: katika kila uniti kumi, moja au zaidi hupotea kwa kuingia na kutoka. Ni kuchota maji kwa ndoo inayovuja ili ujaze pipa, na pipa lenyewe lingeweza kukaa chini ya bomba. Gari lako tayari ni betri, tena kubwa kuliko yoyote tutakayokuuzia.

Kwa hiyo kama gari huwa nyumbani mchana, hata siku tatu tu kwa wiki, lichaji moja kwa moja kutoka kwenye paneli. Zipo chaja zinazofuata jua: kipimo kidogo hubanwa kwenye waya mkuu wa nyumba, kinaangalia umeme wa ziada ni kiasi gani, na chaja inapanda au kushuka kulingana nao. Ila chaja hizi haziwezi kushuka chini ya ampea 6, yaani wati 1,400 hivi kwa umeme wa volti 230. Wingu likipita, inasimama, kisha inaanza tena. Hapo ndipo betri ya wastani inapostahili pesa yake, kuziba pengo la wingu na kuwasha taa jioni. Kwenye umeme wa fezi tatu kiwango cha chini kinapanda hadi wati 4,100 hivi, ndiyo maana kwenye mitambo midogo tunapendelea fezi moja.

Angalia pia inveta. Chaja ya kilowati 7.4 kwenye inveta ya kilowati 5 itaizima tu, na lawama ataangushiwa fundi. Ishushe hadi ampea 10. Unapata kilowati 2.3, na kwa saa tano za jua hizo ni kama kilomita 60. Tunajua haraka ina raha yake, lakini gari lililoegeshwa kutwa lina haraka ya nini?

Kuna tatizo moja linalotuletea simu nyingi kuliko yote. Umeme wa gridi ukiwepo, gari linachaji vizuri. Ukikatika, nyumba inahamia kwenye betri, taa zinawaka, lakini chaja inaonyesha taa nyekundu na gari linakataa. Mteja mmoja alikuwa ameshapanga kulipeleka gari gereji. Gari halikuwa na kasoro yoyote. Inveta zake, kila zikihamia kwenye betri, zilikuwa zinaachanisha nyutro (waya wa kurudishia umeme) na ethi (waya wa ardhini), na chaja isipoiona ethi haikubali kufanya kazi, maana ndiyo kinga yako dhidi ya shoti. Dawa yake ni mpangilio ndani ya inveta au rilei, yaani swichi inayojiwasha yenyewe, ya kuunganisha nyutro na ethi, kwa namna mtengenezaji alivyoelekeza. Tumekuta mahali kipande cha waya kimechomekwa ndani ya plagi ili "kuidanganya" chaja. Tulikikata kabla ya kusalimiana vizuri.

Na kwa wale wasio na betri kabisa: inveta nyingi zilizofungwa kwenye gridi hujizima gridi ikikatika, hata jua liwe la utosini. Zimetengenezwa hivyo ili zisirudishe umeme kwenye nyaya ambazo fundi wa laini anazishika.

Waya wa kuongezea uliosokotwa chini ya zulia, tafadhali, hapana. Chaja huvuta umeme kwa saa nyingi mfululizo na soketi ya pasi haikukusudiwa kazi hiyo. Tunaivutia waya wake, breka yake, na kinga ya umeme unaovuja inayotambua hata ule wa mkondo mmoja (DC), kama wa betri.

Kama gari huondoka asubuhi na kurudi jua limezama, tutakwambia ukweli: sola iihudumie nyumba mchana, gari lichaji kwa gridi usiku, na paneli zilijaze mwisho wa wiki. Betri ya kutosha kulichaji kila usiku tunaweza kukufungia, lakini tutakuonyesha hesabu yake kwanza.

Ukitupigia, uwe na mambo matatu: kilomita zako za siku ya kawaida, saa ambazo gari huwa nyumbani, na picha ya kibandiko kilicho ubavuni mwa inveta yako.