Kugusa vingi ni kosa?

Bwana mhariri, asalaam aleikum. Mie wa hapa Wete, kila nikienda kuomba kazi naambiwa huna fani moja, eti nimegusa vingi, nimechuma karafuu nimeenda dago (kambi ya wavuvi) nimetandika waya za umeme majumbani. Sasa jamani msimu wa karafuu ukiisha mtu akae barazani tu? Na aliyezoea bahari ndo anaiona mvua mapema, karafuu zake alizoanika hazirowi kwenye majamvi. Bi Kidude kaimba taarabu na ngoma ya unyago kapiga, nani alimwambia achague? Daktari wa moyo sawa, abobee, moyo wangu simpi fundi umeme (hata akiwa mie mwenyewe). Lakini mtunza stoo naye fani moja ya nini?

Mkaazi wa Wete, Pemba