Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Orodha Zetu na Nakala za Mwisho

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji ya mtandao wetu wa maktaba za tiba, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka tunaoumaliza. Sitagusa kila jambo kwa urefu mmoja. Fedha zimo katika taarifa ya mweka hazina, na mafunzo ya wakutubi wapya yalikwenda kama yalivyopangwa, kwa hiyo huko sina la kuongeza. Nitakalolizungumzia kwa kirefu ni hali ya orodha zetu za majarida. Huko ndiko tulikopoteza muda mwingi mwaka huu, na huko ndiko kamati inakoomba uamuzi wenu.

Mtandao wetu haulipishani. Maktaba inayohitaji makala inatuma ombi, mfumo unasoma orodha za wanachama na kulipeleka kwa maktaba iliyojiandikisha kuwa na jarida hilo kwa mwaka huo. Maktaba hiyo ikishindwa, ombi linahamia kwa inayofuata. Mpango mzima unasimama juu ya jambo moja: kwamba kilichoandikwa kwenye orodha kipo rafuni au kwenye seva kweli.

Kamati ilipopitia maombi yaliyokataliwa, haikukuta uchoyo. Ilikuta orodha zilizochakaa. Jarida lilisitishwa usajili lakini bado linaonekana kuwa hai. Juzuu za zamani ziliondolewa ili kupisha meza za kompyuta, na hakuna aliyekumbuka kuzifuta kwenye mfumo. Mbaya zaidi ni maktaba zilizofungwa kabisa na hospitali zao, ambazo orodha zao ziliendelea kupokea maombi kwa miezi, na hakuna mtu wa kuyafungua. Ombi likikaa siku nzima kwenye maktaba isiyokuwepo, anayeumia ni mganga anayesubiri upande wa pili.

Mfano mmoja uliletwa mbele ya kamati. Mfamasia wa wodi ya watoto wachanga aliomba makala yenye jedwali la vipimo vya dawa kwa uzito wa mtoto. Maktaba tatu mfululizo zilikuwa zimeandika kwamba juzuu hiyo wanayo, na zote tatu zikajibu kwamba hawanayo. Ya nne ikatuma nakala bila kuchelewa, ila ukurasa ulilala upande wakati wa kuskani, na ukingo wa kulia ukakatwa. Safu ya mwisho ya jedwali ilikuwa na tarakimu ya kwanza tu ya kila kipimo, na chochote kilichofuata baada ya nukta hakikuonekana. Mkutubi aliyepokea aliona kasoro hiyo kabla ya kuikabidhi, akaomba ukurasa upigwe upya, na ukaja. Angeipitisha vile vile, tungekuwa tumempa mfamasia karatasi hatari kuliko kukosa karatasi. Msomaji wa historia anaweza kukisia neno lililokatika. Nukta ya desimali haikisiwi.

Kwa hiyo kamati inawaomba wanaotuma nakala wakague kingo zote nne na hesabu ya kurasa kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, na wanaopokea wakague tena. Wanaoomba nao waandike nambari ya PMID kila makala inapokuwa nayo. Nambari hiyo ya PubMed, hifadhidata ya marejeleo ya makala za tiba, peke yake humaliza ubishi wa juzuu na toleo, maana rejeleo lililonakiliwa kutoka kwenye slaidi za mhadhara mara nyingi huwa na mwaka wa mtu mmoja na kurasa za mwingine. Siku hizi pia majedwali mengi hayako ndani ya makala bali kwenye viambatisho vya mtandaoni. Anayevihitaji avitaje waziwazi, asingoje vije vyenyewe.

Suala la mzigo liliibuka tena, na halikunishangaza. Maktaba chache kubwa zinatoa nakala nyingi kuliko zinavyopokea, na baadhi ya wakuu wao wanauliza kwa nini muda wa watumishi wao utumike kuwahudumia wagonjwa wa hospitali nyingine. Kutoa ni moyo, lakini kuskani ni muda wa mtu. Wapo waliopendekeza tuanze kutozana ada ndogo. Kamati iliangalia wenzetu wanavyofanya. Nchini Marekani, mfumo wa DOCLINE wa Maktaba ya Taifa ya Tiba, ulioanza mwaka 1985, una kundi la maktaba zilizokubaliana kuhudumiana bure, sambamba na maktaba zinazolipisha. Inawezekana, basi, kuchanganya njia zote mbili. Mimi binafsi napinga ada kwetu. Kuandaa ankara, kuituma na kuifuatilia kutakula muda ule ule tunaolalamikia, na maktaba ndogo za hospitali zitaacha kuomba kabla hazijaacha kuhitaji.

Badala yake kamati imebadilisha mpangilio wa kupeleka maombi. Jarida linalopatikana kwa wanachama wengi sasa linaombwa kwanza kwa wale wenye mzigo mdogo, na maktaba kubwa zinaachiwa yale ambayo wengine hawana. Ombi la dharura la mgonjwa haliguswi na mpangilio huu. Linakwenda moja kwa moja kwa anayeweza kujibu upesi. Utaona mara moja kwamba mpango huu nao unategemea orodha. Mwanachama mdogo aliyejaza orodha kwa matumaini tu atapokea maombi ambayo hawezi kuyajibu, na tutarudi pale pale.

Leseni za majarida ya kielektroniki zinahitaji macho zaidi kuliko tunavyozipa. Jarida la karatasi ukilinunua ni lako, na mipaka ya kulinakili inawekwa na sheria ya hakimiliki ya nchi yako. Jarida la kielektroniki ni mkataba, na mkataba unaweza kukunyima hata kile ambacho sheria ingekuruhusu. Baadhi ya mikataba inaruhusu kutuma nakala kwa maktaba nyingine bila masharti mengi. Mingine inakataa kabisa, au inakataza kuzihudumia taasisi za kibiashara. Ipo pia inayotaka makala ichapwe kwenye karatasi, kisha karatasi iskaniwe, ndipo itumwe, kana kwamba kuiharibu kidogo ndiko kunakoihalalisha. Kifungu cha uazimishanaji kisomwe kabla ya saini, wakati mchapishaji bado anataka fedha zenu. Wanachama waliokiomba mapema wameweza kukipata. Kila jarida lisiloruhusiwa kuazimishwa liwekewe alama kwenye mfumo, ili ombi lisipelekwe mahali ambapo jibu lazima liwe hapana.

Kuhusu hakimiliki, wapo wanaonukuu kanuni ya Marekani ya nakala tano kana kwamba ni ya dunia nzima. Kanuni hiyo ilitokana na miongozo ya miaka ya 1970 ya CONTU, tume ya huko iliyochunguza hakimiliki na teknolojia mpya: maktaba inayoomba isipokee zaidi ya nakala tano kwa mwaka kutoka jarida moja, kwa makala zilizochapishwa ndani ya miaka mitano iliyopita. Ni ya kwao. Fuateni sheria ya nchi yenu.

Mahitaji yenyewe yanabadilika. Kabla ya kutuma ombi, tafuteni kwanza kwenye PubMed Central, hazina ya wazi ya makala za tiba iliyofunguliwa mwaka 2000. Tangu Julai 1, 2025, makala zinazotokana na fedha za Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH) na kukubaliwa kuchapishwa kuanzia siku hiyo zinatakiwa kupatikana humo bila kusubiri ule muda wa hadi miezi 12 wa zamani. Makala mpya zitaombwa mara chache zaidi, na mimi nafurahi. Lakini yatakayobaki ndiyo magumu: juzuu za miaka ya nyuma ambazo hazijawahi kuwekwa mtandaoni, ripoti za matukio ya nadra, majarida ya vyama vidogo yaliyokufa zamani, sura za vitabu. Ni vitu vile vile tunavyovitupa tunapoambiwa tuachie nafasi.

Mwaka huu mwanachama mmoja aliondoa mfululizo mzima wa jarida la magonjwa ya ngozi akiamini kwamba wengine wanalo. Wengine nao walikuwa wamekwisha kuliondoa kwa imani hiyo hiyo. Hakuna aliyevunja kanuni, kwa sababu kanuni hatuna. Kamati inapendekeza iwepo: kabla ya kuondoa jarida lolote, mwanachama atoe taarifa kwa mtandao na kusubiri siku 30. Ikionekana kwamba nakala yake ndiyo ya mwisho, ama aitunze, ama aikabidhi kwa mwanachama aliye tayari kuipokea. Gharama ya usafirishaji italipwa na chama.

Pendekezo la pili ni la uhakiki. Kila mwanachama ahakiki orodha yake mara mbili kwa mwaka. Asiyehakiki ataondolewa kwenye mzunguko wa kupelekewa maombi, na baada ya uhakiki wa pili kupita kimya, haki yake ya kuomba nayo isitishwe hadi atakapomaliza. Najua wengi wenu mko peke yenu maktabani, na mnashika dawati la huduma huku simu inalia. Kwa sababu hiyo kamati haitaki orodha nzima ipitiwe kwa mkupuo. Inatosha kuanza na majarida yaliyoombwa na kukataliwa, na mfumo utawatolea orodha hiyo tayari.

Jambo fupi la tahadhari. Shambulio la kimtandao lililoikumba British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, mwezi Oktoba 2023 lilisimamisha huduma nyingi ambazo maktaba za nchi nyingi zilizitegemea. Kila mwanachama sasa anatumiwa nakala ya orodha ya pamoja pamoja na mawasiliano ya wanachama wote, aihifadhi nje ya mfumo. Tafadhali msiifute.

Mapendekezo yote mawili yatapigiwa kura katika mkutano mkuu, kila moja peke yake. Marekebisho yamfikie katibu kwa maandishi wiki mbili kabla ya mkutano. Mratibu wa orodha amemaliza kipindi chake na hagombei tena. Kazi hiyo haina posho, ina majedwali mengi, na hadi naandika taarifa hii hakuna aliyejaza fomu ya kuiomba.

Mwenyekiti